Wezi Niliowapa Kuku

Wiki iliyopita niliwaacha uani kwangu, mtaani kwetu Kikula, sufuria za bukari, ugali wetu, zikiwa motoni, tukingoja kuondoa kilio cha mume wangu Banza, yaani kumaliza matanga yake. Kwa msomaji anayeingia leo, nitasema kwa kifupi, maana najua nawe una chungu chako jikoni.

Naitwa Henriette. Ni mjane, na ni nkambo, maana yake bibi, na babu pia tunamwita hivyo. Mtoto wa nyumba yangu ni Plamedi. Sikumzaa mimi, wala hakuna mtoto wangu aliyemzaa. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, nikambeba mgongoni, na hadi leo mgongo wangu haujamsahau.

Banza alifanya kazi maisha yake yote kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha. Alipokufa tulifikiri atapumzika. Hakupumzika. Alirudi akakaa kwenye kiti chake, na tangu hapo anazungumza na mtu mmoja tu, Plamedi. Sisi wengine hatumwoni wala hatumsikii. Mtoto ndiye anayetuletea maneno yake, na maneno yake ni yale yale: chakula kimekosa chumvi, na umeme utakatika saa fulani.

Kuhusu chumvi tunabishana. Kuhusu umeme hajakosea hata mara moja. Watu wakaanza kutoka hadi mtaa wa Panda kuja kumuuliza Plamedi kama wapige pasi sasa au wangoje.

Basi, siku ya kuondoa kilio ikafika.

Kila mtu kwetu anajua kwamba siku hiyo watani lazima waje. Bila watani, marehemu anaondoka na uchungu. Wanakuja wamejipaka majivu, wanaume wamevaa magauni. Wanamtukana marehemu, wanaiba mwiko, wanabeba kitu cha thamani cha nyumba, na wenye nyumba wanakikomboa kwa kuku. Kukasirika ni mwiko. Ukikasirika, umeuaibisha ukoo.

Ndiyo maana nilicheka.

Walikuja wawili kwa pikipiki ya kukodi, nyuso nyeupe za unga. Mwanaume alivaa gauni la maua juu ya suruali, na koti juu ya gauni. Mwanamke alivaa kofia ngumu ya kazini, imemfunika hadi puani.

“Banza alikufa bure!” mwanaume akapaza sauti, lakini kwa woga, kama mtu anayeomba kupita. “Alikuwa... alikuwa muntu mubaya! Kidogo!”

Shemeji yangu Germain, mdogo wa Banza, ndiye mkubwa wa ukoo sasa na hapendi mtu asahau. Akaniinamia sikioni.

“Aba watani ni bapya. Habajui kutukana.”

“Watajifunza,” nikasema. “Wape kikombe cha munkoyo wanywe, ulimi ulainike.”

Mwanamke akamshika Plamedi mkono. “Tunabeba huyu! Mukimutaka, mumukomboe!”

“Mumubebe, mama!” watu wakaitikia kwa makofi. “Anakula sana!”

Plamedi alinitazama. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza, kwa macho yote mawili, maana hajaweza kufumba moja.

Yule mwanaume akabaki amesimama. Alikuwa amesahau kinachofuata.

“Sasa... tunaenda?” akaniuliza mimi.

“Ngoja kwanza, mwanangu.”

Nikaingia jikoni nikamleta kuku mzuri, mwekundu, miguu imefungwa. Nikachukua kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, nikamfunika mtoto, maana pikipiki ina upepo. Nikawaeleza kwamba samaki mwenye miiba hamwezi, na kwamba akikohoa apewe maji ya uvuguvugu. Yule mwanaume akasikiliza kwa makini, kisha akavua koti lake akamvalisha mtoto juu ya kikwembe, yeye akabaki na gauni la maua tu.

Nikasema moyoni: tazama, mtani mwenye huruma.

Pikipiki ikaondoka na dereva, watu wazima wawili, mtoto na kuku. Ukoo mzima tukasimama mlangoni tukawapungia mikono.

Bukari hata haijaiva, tukasikia madebe yanapigwa. Akaingia Mama Emérance na kundi lake, majivu hadi kwenye kope. Mama Emérance ndiye mkubwa wa watani wetu. Amewatukana marehemu wote wa ukoo huu tangu nilipoolewa. Akajitupa chini katikati ya uwanja.

“Banza, kichwa ya nyundo! Ata kifo ilikukataa, ikakurudisha kwa muke wako sawa na mukate yenye kuungua!”

Hapo nikasikia tofauti. Hili ndilo tusi. Yale mengine yalikuwa ya watu waliosoma kwenye karatasi.

“Mama Emérance,” nikamwambia, “mumerudi? Mutoto mumemuacha wapi?”

“Mutoto gani?”

“Plamedi. Bantu benu balimubeba.”

Akainuka, akajipangusa magoti. “Bantu betu njo aba. Tunatoka kufika sasa. Ata mwiko hatujaiba.”

Kicheko kikakatika uwanja mzima.

“Nani alitutangulia?” akanguruma. “Nani aliiba mbele yetu? Na kuku iko wapi?”

“Alienda nao,” Germain akajibu kwa sauti ndogo.

“Kuku yetu!” watani wakalia wote pamoja, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa machozi ya kwanza ya kweli siku hiyo.

Mimi sikulia. Nilikaa chini palepale. Mwanangu ameibwa mchana kweupe, na mimi ndiye niliyemfunika kikwembe. Mimi ndiye niliyewapa wezi kuku wa njiani.

Germain akakimbia kwa askari. Akarudi uso umeshuka.

“Balisema nini?”

“Balicheka. Balisema, kama ni watani balimubeba, tulipe kuku.”

“Si tulilipa?”

“Njo vile nilibambia. Bakacheka zaidi.”

Nikampigia padri simu. Naye alianza kucheka, lakini akasikia pumzi yangu, akaacha. “Mama Henriette,” akasema, “ninapiga magoti sasa hivi.” Nikasikia kweli kiti kinasogezwa. Alikuwa wa kwanza kuniamini, sitamsahau.

Kisha nikaingia ndani, nikasimama mbele ya kiti cha mume wangu.

“Banza, wewe unaona kila kitu. Mutoto yuko wapi?”

Palepale umeme ukakatika, bila mtu kutuonya. Nikautazama mto wa kile kiti. Tangu Banza arudi, ule mto umebonyea katikati, hata uupige namna gani hauinuki. Sasa ulikuwa umeinuka, umejaa kama mpya.

Banza hakuwepo. Alikuwa amemfuata mtoto.

Nitasema ukweli, hapo pumzi ilinirudia kidogo. Mume wangu ana maneno mengi, lakini si mtu wa kumwacha mtoto peke yake kwa watu asiowajua.

Tukiwa katika hali hiyo, pikipiki ikasimama mlangoni. Ni ile ile. Dereva akashuka na kikwembe changu mkononi, kimekunjwa vizuri.

“Pardon, mama. Minye njo Jeancy. Weye njo nkambo ya Plamedi? Alinituma nikurudishie kikwembe. Anasema utasikia baridi.”

Nikaficha uso ndani ya kile kikwembe. Mtoto ameibwa, na anachowaza ni baridi yangu.

“Ulimwacha wapi, Jeancy?”

“Ku Panda, mu kampi, ku nyumba ya mulango wa bulu. Kwa Rolly na dada yake Laure. Bale bantu ba maombi, bale banafungaka chakula.” Akasita, akajikuna shingo. “Mama, weye ni mukubwa, nikuulize. Nilibeba bantu batatu na kuku, lakini pikipiki ilikuwa nzito sawa iko na bantu bane. Na mutoto alikuwa anasema ku mugongo yangu: ‘Nkambo, usimuguse dereva, ataanguka.’ Alikuwa anasema na nani?”

“Na mume wangu.”

“Bon. Aksanti,” Jeancy akasema, akakaa chini bila kukaribishwa. Tukampa maji.

Vijana wa ukoo wakaokota fimbo. Mama Emérance akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Muweke fimbo chini! Balikuya sawa watani, sivyo? Bon, bamekuwa watani. Na mutani haumupigi. Unaenda kwake, unalia kilio, unakula byote biko mu nyumba mpaka arudishe kitu ya bantu.”

“Lakini nani amekufa kwao?” Germain akauliza.

“Hapana muntu. Tutaanza na Rolly.”

Jirani mwenye gari la mizigo alikuwa amekuja kula tu. Alitupakia wote, na sufuria zetu, bila kuuliza neno. Hakuwa hata ameonja nyama.

Tulipofika Panda, mbele ya mlango wa bluu, Mama Emérance akatandika mkeka chini. Akafunga kitambaa kichwani, akajipiga kifua.

“Rollyyy! Umetuachaaa!”

“Rolly, shujaa wa kulalaaa!” watani wakaitikia.

Majirani wakatoka. Mama mmoja mzee akaja mbio na kiti chake kichwani.

“Rolly alikufa?”

“Alikufa, mama. Ulie.”

Maskini, akalia kweli. Akarudi kwake akaleta bakuli la unga kwa ajili ya waombolezaji. Watu wema wako kila mahali, hata kwenye kilio cha uongo.

Mlango ukafunguka. Akatoka yule mwanaume wa gauni, sasa amevaa shati, unga bado umebaki masikioni.

“Bamama, minye niko muzima!”

“Bafu bote banasema vile,” Mama Emérance akamjibu. “Lala apa ku mukeka, usituharibie kilio.”

“Lakini minye njo Rolly!”

“Tazama, ata muzimu yake inafanana naye.” Akamgeukia yule mama mzee. “Alikuwa muntu wa namna gani, marehemu?”

Yule mama akapangusa machozi, akafikiri. “Alikuwa muzuri. Lakini alibeba ngazi yangu, minye mujane, hajairudisha.”

“Ngazi ya mujane!” watani wakapiga yowe. “Rolly ataingia mbinguni na ngazi ya bantu!”

“Nitarudisha ngazi!” Rolly akalia.

Nyuma yake akatokea dada yake Laure, mikono ameikunja kama anapokea sakramenti.

“Mama Henriette, pardon, ingia. Umubebe mutoto wako. Umubebe sasa. Na papa Banza naye, nakuomba kwa jina ya Yesu, umubebe.”

Nikaingia.

Plamedi alikuwa mezani, sahani ya bukari mbele yake, kuku wetu anatembea chini ya meza bila kamba. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, laini laini, kazi ya mkono mwepesi. Nikamkumbatia hadi akasema namminya.

“Balikupiga?”

“Hapana. Dada Laure alinisuka, na haikuuma. Lakini nkambo Banza alisema chumvi haiko. Bakaongeza. Akasema imezidi. Bakapika tena.”

“Tunapika tangu tufike,” Rolly akasema mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika. “Sikumuona, mama. Lakini kila nikikaa kwa ile kiti ya karibu na dirisha, nasukumwa.”

“Na kuku mbona hamkumchinja?”

“Mutoto alisema ni wa watani,” Laure akajibu. “Tuliona haya.”

Nikakaa. Nikawatazama wote wawili. Walikuwa wadogo kuliko nilivyofikiri, na wamechoka.

“Sasa nielezeni. Mlimbeba mtoto wangu kwa nini?”

Laure akaanza kulia kabla ya kusema.

“Ni juu ya mama yetu, mama Marceline. Siku ya kufa alimwita Rolly. Akamushika mukono, akasema: ‘Rolly, kuko neno nilikuficha. Ni kwamba...’ Akakata roho. Palepale, kwa ‘ni kwamba’.”

“Tangu ile siku hatulali,” Rolly akasema. “Laure anawaza ni habari ya hii nyumba. Minye nawaza labda ni dawa yake ya mugongo.”

“Tukasikia kuko mutoto ku Kikula, wafu banamuongelesha. Lakini mama, ku kanisa yetu, kuuliza wafu ni zambi kubwa. Bakituona kwako, pasta anatusimamisha mbele ya bantu bote. Njo tulijipaka unga. Tulitaka neno moja tu, na tumurudishe mbele ya saa ya kula.” Akapangusa pua. “Mama hakukuya. Alikuya bwana yako.”

Nilikuja na hasira imejaa mkono, nikaitafuta nisiione. Mimi mume wangu amekufa na bado anasema hadi nachoka. Hawa mama yao aliwaachia nusu ya sentensi. Nani kati yetu amefiwa zaidi?

“Mlifanya vibaya,” nikawaambia. “Moyo wangu ulitaka kusimama. Lakini mlimvalisha koti, na mlimsuka. Yameisha. Plamedi, aga wakubwa zako, twende.”

Nje nikasikia gari linawashwa. Mama Emérance alikuwa bado anaililia ngazi.

Plamedi hakuinuka. Alikuwa anatazama dirishani.

“Nkambo, kuko mama mungine. Amesimama nyuma ya nkambo Banza. Anataka kusema, lakini nkambo Banza hamupatii nafasi. Anamueleza habari ya bwawa.”

“Banza!” nikasema, kwa sauti niliyoitumia muda wote wa ndoa yetu. “Mwache mama wa watu aseme!”

Plamedi akainamisha kichwa, akasikiliza. “Amenyamaza. Amekasirika lakini amenyamaza.” Kisha: “Huyu mama amevaa kikwembe ya ndege. Kidole yake ya mwisho imepinda.”

Laure akakaa chini sakafuni. “Ni mama.”

“Anasema pole kwa kuchelewa. Anasema, Rolly, amalizie?”

Rolly akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Mtoto akasema taratibu, kama anayekariri somo asilolielewa.

“‘Ni kwamba Daniella hakukukimbia. Minye nilimufukuza, weye ukiwa ku kazi. Alikuwa na mimba yako.’”

Wasomaji wangu, jina lile halitajwi nyumbani kwangu. Si kwa ubaya. Nalihifadhi, mpaka Plamedi awe mkubwa wa kutosha kulibeba. Hajawahi kulisikia. Daniella alikuwa mpangaji wangu, aliyepanga chumba cha nyuma akiwa na tumbo, akafia mikononi mwangu bila kumtaja baba wa mtoto. Alimwacha mtoto anyonyaye. Mtoto huyo sasa alikuwa mezani mbele yangu, mdomoni ana chembe ya bukari, akisubiri kama kuna neno jingine la kupeleka.

“Mimba?” Rolly akasema. Akapiga magoti mbele ya dirisha tupu. “Mama, nilimutafuta Daniella mpaka Kolwezi! Na mutoto? Mutoto iko wapi?”

Plamedi akasikiliza tena. “Anasema hajui. Anasema alijuta, akaenda kumutafuta ku Kikula, hakumuona tena. Analia, nkambo.”

Marceline hajui. Rolly hajui. Laure hajui. Katika nyumba ile aliyejua nilikuwa mimi, na mmoja mwingine.

“Na Banza?” nikauliza. “Banza anasema nini?”

Mtoto akageukia kile kiti, akatega sikio.

“Anasema yeye leo hana neno. Anasema weye njo ulibeba ku mugongo, weye njo useme.” Akakunja uso. “Nkambo, ulibeba nini?”

Mume wangu yule, ambaye hata kaburi halikumziba mdomo.

Nje madebe yalikuwa yamenyamaza. Mama Emérance alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia tangu wapi. Alichukua pembe ya kitambaa chake, akaanza kujifuta majivu usoni, polepole. Sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu.

Rolly alinigeukia akiwa bado amepiga magoti.

“Mama Henriette, weye ni mukaaji wa Kikula. Unajuaka kila muntu. Ulimujua Daniella?”

Plamedi naye akainua macho. Mkono wangu ulikuwa kichwani mwake, juu ya misuko mipya.

“Nkambo,” akaniuliza, “Daniella njo nani?”

Mlango ulikuwa wazi. Barabarani jirani yetu mwenye gari alipiga honi, akapiga tena, akitaka twende; nikamwashiria Mama Emérance amwambie azime gari.